Kompyuta inasafishwa, virusi vinarudi, lawama anabeba mwanangu

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina mume na watoto wawili. Naomba jina langu na la shule yangu yasitajwe, maana jambo lenyewe linagusa ukwe.

Nyumbani tuna laptopu moja ya mtumba, mume wangu aliinunua Dar es Salaam. Ni ya wote. Mimi nachapia mitihani na maandalio, mume wangu anaweka hesabu za kuku wake, mtoto mkubwa aliye kidato cha tatu anasomea na kucheza magemu, mdogo anaangalia katuni.

Kwa muda mrefu sasa laptopu hii ina virusi visivyokwisha. Ukichomeka flashi, mafolda yote yanageuka kuwa shotikati, vile vialama vya njia ya mkato. Ukibonyeza yanafunguka vizuri tu, lakini ukiipeleka flashi kwenye mashine nyingine huoni kitu. Ukiingia mtandaoni, kivinjari kinakupeleka chenyewe kwenye kurasa za kubeti, na pembeni kunatokea vitangazo vya kukuambia kompyuta yako imeshambuliwa, bonyeza hapa. Feni inalia hata kama hakuna anayefanya kazi.

Fundi wetu ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Ana kibanda chake mjini, anatengeneza simu na kompyuta. Tukimwita anakuja jioni, anapiga Windows upya, anaweka Office, anakula, anaondoka. Hataki hela, tunampa nauli tu. Kwa wiki mbili tatu mashine inakuwa nyepesi, halafu shotikati zinarudi na kurasa za kubeti zinarudi.

Mara ya mwisho alipokuja, alisema mbele ya mume wangu, "Humu ndani kuna mtu anapakua vitu vya ajabu." Hakutaja jina, lakini wote tuligeuka kumtazama mwanangu. Tangu siku hiyo baba yake amempiga marufuku kuigusa laptopu. Mtoto ameapa mpaka akalia. Sasa nyumbani anaitika salamu tu, akishakula anaingia chumbani.

Kinachonichanganya, Anti, ni kwamba marufuku ilianza siku ile ile shemeji aliyopiga Windows. Mtoto hajaigusa, nami ndiye ninayekaa na chaja. Virusi vimerudi vilevile. Nilipomwambia mume wangu, akasema mtoto anaamka usiku. Mimi siamini, lakini siwezi kuthibitisha, kwa hiyo nimenyamaza.

Kitu kingine. Ile alama ya ngao pale chini kwenye kona ina msalaba mwekundu. Nilimuuliza shemeji, akasema niiache, nikiiwasha Office itagoma.

Na shuleni sekretari analalamika kwamba flashi ya taaluma ina shotikati. Flashi hiyo mimi na walimu wenzangu ndio tunaoibeba, na mitihani ya muhula inakaribia. Nahisi ugonjwa umetoka kwangu. Sijamwambia mtu.

Dada yangu aliyeko Dodoma ananishauri niipeleke laptopu kwa fundi mwingine kimyakimya. Lakini mji huu ni mdogo. Shemeji akisikia, mama mkwe atasikia, na itaonekana nimemdharau mtoto wake. Mume wangu naye anasema tuitupe tununue nyingine, hela ambayo hatuna. Humo kuna picha za marehemu mama yangu, ziko kwenye D, na shemeji huwa anaiacha D bila kuifuta ili zisipotee. Halafu nina hofu nyingine hata naona aibu kuitaja: je, wanaweza kutuona kwa kamera? Laptopu inakaa chumbani kwetu. Siku hizi naifunika kwa kanga.

Nifanyeje?

Mwalimu asiye na raha, Morogoro

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako ina mambo manne: mashine inayosafishwa bila kupona, mtoto anayetuhumiwa, shemeji usiyetaka kumvunjia heshima, na flashi ya shule. Nitaanza na mashine kwa sababu haina kinyongo na mtu, na yale tutakayoyaona humo yanaweza kulegeza mengine. Kabla ya safu hii niliajiriwa miaka kadhaa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, kwa hiyo hizo shotikati nazifahamu vizuri.

Umesema virusi vinarudi. Mimi nimejiuliza kama viliwahi kuondoka.

Kirusi cha shotikati kinafanya kazi hivi. Kikiingia kwenye flashi hakifuti kitu. Kinayaficha mafolda yako kwa kuyapa alama ya mafaili ya mfumo, kisha kinaweka mahali pake shotikati zenye majina yale yale. Ukibonyeza shotikati, inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaamsha kirusi, halafu inakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Ndiyo maana kwako yanafunguka vizuri. Kirusi kikishaamka kinajinakili ndani ya kompyuta, kwenye folda zilizofichwa za mtumiaji, na kinajiandikisha kwenye orodha ya vitu vinavyoamka pamoja na Windows. Tangu hapo kila flashi inayochomekwa inapakwa. Kwa hiyo ukifuta kilichomo kwenye kompyuta na kuacha flashi zilizomo kwenye droo, hujafuta kitu. Flashi ya mtoto, flashi yako, kadi ya memori ya simu, hata ile flashi yenye nyimbo za kwenye redio ya gari, zote zihesabu.

Lakini droo peke yake hainitoshelezi. Kilichonifanya niweke barua chini ni ile D.

Mafundi wetu wengi wanaigawa diski sehemu mbili, C kwa Windows na D kwa mali ya mwenye mashine. Wakipiga Windows wanafuta C, D hawaigusi, na mteja anashukuru kwamba picha zake zimepona. Nia ni njema. Nakuomba ufungue D uangalie kama kuna folda ya programu za kusakinisha: Office, kichezeshi cha video, Photoshop, vitu vya namna hiyo. Karibu kila laptopu iliyopita mikononi mwa fundi inayo, kwa sababu inampunguzia kazi safari ijayo. Kuna virusi vinavyojishikiza ndani ya mafaili ya programu yenyewe. Sality kinajulikana tangu 2003, Ramnit tangu 2010, na vyote viwili vinafanya hivyo. Kama kimojawapo kilipita kwenye folda hiyo hata siku moja, basi kila Windows ikipigwa upya na Office ikawekwa kutoka D, mashine inaambukizwa jioni ile ile, shemeji akiwa bado mezani anakula. Hizo wiki mbili tatu za wepesi huenda ni muda ambao wewe hujaona dalili tu.

Tuje kwenye ngao yenye msalaba. Windows au Office isiyolipiwa leseni inahitaji kudanganywa ili iamini imelipiwa. Mashirika makubwa yana seva yao ya ndani inayothibitisha leseni za mashine zao, na uthibitisho mmoja unadumu siku 180. Zile programu za kukraki zinaigiza seva hiyo ndani ya laptopu yako. Windows Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows yenyewe, inazitambua na kuzizuia, kwa hiyo maelekezo ya kila programu ya namna hii huanza na sharti moja: zima kinga kwanza. Wahalifu wanalijua sharti hilo. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi programu mashuhuri ya kukraki iitwayo KMSPico ilivyokuwa ikisambazwa ikiwa imebeba mwizi wa nywila aitwaye Cryptbot. Mtu alikuwa anapata alichokitafuta, Windows inakubali, na nywila zake zinaondoka.

Hapa niseme jambo kwa ajili ya shemeji. Anachofanya ndicho kinachofanywa na mafundi kuanzia Kariakoo hadi Kampala, na hakuna mteja anayekubali kulipia leseni. Flashi yake ya kazi inaingia kwenye mashine za watu wengi kwa siku. Ikiwa imeambukizwa, huenda yeye mwenyewe hajui. Sisemi ndiye aliyeleta. Ninachosema ni kwamba njia ya kupitia kwake ipo, kama njia ya kupitia kwa mtoto ilivyopo, na kama njia ya kupitia kwako wewe unayebeba flashi ya taaluma. Nyumbani kwenu imechunguzwa njia moja tu, ya yule asiye na sauti.

Kurasa za kubeti nazitenga, kwa sababu huenda ni kitu kingine kabisa. Mkishapiga Windows, nadhani jambo la kwanza mnalofanya ni kuingia tena kwenye kivinjari kwa akaunti ile ile ya barua pepe. Akaunti hiyo inarudisha alamisho zenu, nywila zenu, na pia viongezeo vyote mlivyokuwa navyo, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya kivinjari, hata kile kibaya. Mashine inaweza kuwa safi na kiongezeo kikashuka chenyewe kutoka kwenye akaunti. Kiondoeni kwenye orodha ya viongezeo wakati akaunti ikiwa imeunganishwa, ndipo kitafutika na kwenye akaunti. Vile vitangazo vya "umeshambuliwa" mara nyingi si virusi: kuna siku mtu alibonyeza kukubali taarifa za tovuti fulani. Ingieni kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya taarifa za tovuti, muondoe ruhusa. Msibonyeze kitangazo chenyewe, na kama kina namba ya simu msiipige.

Feni siiamini sana kama shahidi. Kuna programu zinazochimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia mashine ya mtu, na hizo huipeleka feni mbio. Lakini vumbi la Morogoro nalo linatosha.

Sasa mtoto. Umeniambia marufuku ilianza siku ya kupiga Windows na virusi vikarudi, na ukaona hiyo ni dalili kwamba hana hatia. Ina uzito, sikatai. Lakini mume wako akiambiwa hivyo ana jibu lake la usiku, na mtabishana mpaka mchoke. Tena hata kama mtoto hakuleta kirusi hiki, magemu ya kukraki ni njia kubwa ya uchafu huu, na inawezekana siku za nyuma alipakua kitu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kuna swali ambalo mashine yenyewe inaweza kulijibu vizuri kidogo kuliko sisi. Katika mipangilio, kwenye maelezo ya mfumo, imeandikwa tarehe Windows iliposakinishwa. Kisha kuna programu ya bure ya Microsoft inayoitwa Autoruns, inayoonyesha kila kitu kinachojiamsha na kompyuta: programu, huduma, kazi zilizopangwa, vyote. Kinachojiamsha kutoka kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji, kina jina lisilo na maana na hakina saini ya kampuni yoyote, hicho ndicho cha kutazama tarehe yake. Ondoa alama ya tiki tu, usifute, kwa sababu ukikosea unaweza kuirudisha. Angalia pia kwenye Windows Defender palipoandikwa Exclusions: hapo panaorodheshwa folda zilizosamehewa kukaguliwa, na virusi hupenda kukaa humo. Kama tarehe ya kitu hicho ni saa ile ile Windows ilipopigwa, hilo linaelekea kwenye vifaa vya usakinishaji. Kama ni wiki mbili baadaye, linaelekea kwenye flashi au upakuaji. Tarehe zinaweza kughushiwa, kwa hiyo zichukue kama fununu tu.

Nani akae mbele ya mashine siku hiyo? Nimefikiria mtoto akae na baba yake, watazame pamoja. Uzuri wake ni kwamba baba anaona kwa macho yake, na kijana anapata nafasi ya kusaidia baada ya kulaumiwa kwa muda wote huu. Ubaya wake ni kwamba inaweza kugeuka baraza: kila tarehe ikionekana, mmoja anashinda na mwingine anaumbuka. Wewe unawajua wote wawili. Kama baba yake ni mtu wa kushikilia neno alilokwisha kulisema, pengine uangalie wewe kwanza, peke yako.

Kuhusu shemeji, dada yako ameona njia moja na wewe umeona hatari yake. Mimi naona zaidi ya moja.

Unaweza kumrudia shemeji mwenyewe, lakini kwa ombi tofauti. Badala ya kumwambia kazi yake haidumu, unamwomba safari hii D nayo ifutwe, baada ya picha kutolewa, na Windows ipakuliwe moja kwa moja kutoka Microsoft kwenye mashine nyingine iliyo safi, iwekwe kwenye flashi mpya ya GB 8 au zaidi. Na msingi wa ombi unao: mitihani ya shule. "Shemeji, shule inataka mashine inayochapia mitihani iwe na kinga iliyowashwa." Lakini usiliseme mpaka umehakikisha ndivyo shule inavyotaka, maana uongo mdogo kwa ndugu huja kuulizwa siku ya sikukuu. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukubali kwa mdomo na kufanya kama alivyozoea, na wewe hutajua.

Fundi mwingine atakusaidia ikiwa utakaa naye akifanya kazi. Ukimwachia mashine na kurudi jioni, huenda naye akatoa flashi yake na programu yake ya kukraki, nawe umenunua ugomvi wa ukwe kwa matokeo yale yale. Tena kimyakimya haidumu. Kama ni kwenda, nadhani ni afadhali mume wako ndiye amwambie mdogo wake. Likitoka kwake linabaki la ndugu wawili, likitoka kwako linakuwa la mke.

Leseni nayo isikutishe kabla hujaangalia. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wamekuwa wakiweka namba ya leseni ndani ya ubao wa mashine yenyewe. Laptopu nyingi za mtumba zilitoka maofisini zikiwa nayo. Ukisakinisha toleo linalolingana, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Huenda miaka yote hii mmekuwa mkivunja mlango wa nyumba ambayo ufunguo wake mnao mfukoni. Office ni habari nyingine, hiyo haimo. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word, ingawa mtihani wenye jedwali na michoro unaweza kusogea mistari, na sekretari atakuuliza kulikoni.

Halafu kuna umri wa mashine. Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida vya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kama yenu ni mojawapo, wapo watu wanaoweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni ya bure na virusi hivi vya shotikati haviwezi kuamka humo. Mume wako atalazimika kujifunza upya mahali pa kubonyeza, na baadhi ya magemu ya kijana hayatafanya kazi. Kwa nyumba nyingine hilo ni tatizo, kwa nyingine ni nafuu. Kununua nyingine sikukatazi siku hela ikipatikana, ila mashine mpya ikichomekwa flashi za droo ile ile itakuwa kama hii ndani ya juma.

Picha za mama yako ndizo za kwanza kabla ya yote. Picha na video za kawaida hazibebi kirusi cha aina hii, kwa hiyo usiogope kuziokoa. Njia salama ni kuiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux bila kusakinisha kitu: Windows inakuwa imelala na kirusi kimelala nayo. Hapo unanakili picha, video, mafaili ya Word na ya PDF kwenye diski ya nje. Usinakili shotikati wala programu yoyote ya kusakinisha. Ukiona folda haina kitu usikate tamaa, Linux huonyesha yaliyofichwa na Windows. Fanya nakala mbili, moja ikae kwa dada yako Dodoma. Wakati unafuta C na D usiwe na haraka, na usiruhusu mtu afute mpaka wewe mwenyewe umezifungua picha hizo kwenye mashine nyingine na kuuona uso wa mama.

Kama hutaki kufuta mara moja, kuna hatua ndogo: ukaguzi wa Windows Defender unaofanyika kabla Windows haijaamka, unachukua kama robo saa. Unashika vingi. Kwa mashine iliyoambukizwa mara kwa mara hivi mimi nisingeutegemea peke yake, lakini unaweza kukupa jina la kirusi, na jina linasaidia mazungumzo na shemeji: ninyi wawili mtakuwa mnamtazama adui mwenye jina, badala ya kutazamana.

Kamera. Usione aibu, swali lako lina msingi. Zipo programu za kuitawala kompyuta kwa mbali, njRAT ni mojawapo, inayoweza kuwasha kamera na kusoma unachochapa, na inasambaa kwa flashi pia. Sina dalili kwenye barua yako kwamba ndiyo mliyo nayo. Kipande cha plasta juu ya lenzi kinatosha kwa kamera, ila hakizibi maikrofoni, kwa hiyo mpaka mashine isafishwe, itoe chumbani. Kilicho karibu zaidi na hatari ni nywila. Chukua simu yako, siyo laptopu, ubadilishe nywila ya barua pepe kwanza kwa sababu hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha uziondoe mashine zote zilizounganishwa. Kwenye WhatsApp nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa uiondoe laptopu. Mume wako naye afanye hivyo kwa zake.

Limebaki la shule. Unahisi umetoka kwako, na umekuwa ukilibeba hilo peke yako. Flashi ya taaluma inapita kwa walimu kadhaa, na wengi wao wana laptopu zilizopita kwa mafundi wa namna ile ile. Ugonjwa unaweza kuwa umetoka nyumbani kwenda shule, au shule kwenda nyumbani, au umekuwa ukizunguka. Kumwambia mkuu wa shule, "Laptopu yangu ina shotikati na flashi yetu inazo, naomba tuzikague zote kabla ya mitihani," ni kusema kweli yote unayoijua. Kunyamaza nako kuna bei: mtihani ukipotea siku ya kuchapa, maswali yatakuwa makali zaidi. Kama unaona mkuu wako ni mtu wa kutafuta mkosaji, anza na sekretari. Ndiye anayeteseka, na yeye hatakuuliza nani ameleta, atauliza vinaondokaje. Mwonyeshe namna ya kuyafichua mafaili yaliyofichwa, kwa amri ya attrib au kwa kuruhusu folda zionyeshe mafaili ya mfumo, ili mitihani iliyoko humo itolewe kwanza.

Kama utaweza, kabla hujamwita mtu yeyote, fungua D uniambie umekuta nini humo, na tarehe zake. Na uniambie kijana anaendeleaje.

Anti